Fosete za Mkiani

Majina mi siyasahau. Niulize nani alikuwa anauza makaa karibu na kanisa wakati bendera ilipobadilishwa, nitakuambia ni Gaspari, na mke wake Koleta, na mbuzi wao aliyekula pazia la padri. Wajukuu wangu wakigombania ukoo wanakuja kwangu. Lakini kuna mtu mmoja ambaye jina lake ninalijua, lile la ubatizo na lile mama yake alilokuwa anamwitia chakula, na sitaliandika hapa. Nitamwita Toliye, kwa kazi yake ya kunyoosha bati za magari, maana Bujumbura yote ilimwita hivyo. Aliliacha jina langu lichafuke miaka mingi, na kitambaa cha kulifutia alikuwa nacho yeye mkononi. Basi na lake libaki nje.

Mjukuu wangu Esperansi ananiambia, "Bibi, ule mutu alishakufa kule Uvira. Umusamehe." Samehe we. Mi ninaandika.

Atelie yake ilikuwa nyuma ya maduka ya mtaa wa Asiatique, kiwanja chenye ukuta, na taksi zenye pua zilizovunjika zimepangwa humo kama wagonjwa. Alivaa koti siku zote, hata jua likiwa linapasua kichwa. Mfukoni aliweka nyundo ndogo, na ukucha wa kidole gumba cha kulia alikuwa ameufuga mrefu. Akimaliza kunyoosha bati hakuitazama kwa macho. Aliyafumba, akaupitisha ule ukucha juu ya bati, polepole, kutoka upande hadi upande. Ukikwama mahali, hata kidogo namna gani, alianza tena, na mwenye gari arudi kwake kwa miguu.

"Muze, ile haionekane," Nestori wa taksi alimwambia siku moja. "Mi ninataka gari, sitaki kioo."

"Pitisha ukucha," Toliye akamjibu.

"Sina ukucha, niko na watoto wa kulisha."

"Basi ngoja."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Pitisha ukucha. Alilisema kwa madreva, kwa seremala Bernaro, kwa Padri Melkiori mwenyewe alipoleta benchi mpya kanisani. Kwenye ubatizo wa mtoto wa Kabibi tuliwekewa wali na samaki, na sufuria ya Kabibi ilikuwa imebonyea ubavuni. Toliye aliitazama. Tukadhani anaomba Mungu. Kumbe alikuwa anatafuta nyundo mfukoni. Akamimina wali wote kwenye beseni, akaigeuza sufuria juu ya goti lake, akaanza kuigonga, tak, tak, tak, na sisi tumekaa, mikono tumeshanawa, chakula kinapoa. Alipomaliza akaupitisha ukucha, akairudisha sufuria kwa Kabibi, akasema, "Sasa tule." Kabibi alilia kwa aibu jikoni. Yeye alikula sana.

Na mtu huyo huyo, ukienda kwake mvua ikinyesha, ulikuta mabeseni yamepangwa sakafuni, bati za paa lake zina matundu kama kichungi. Mlango wake haukufunga, aliufunga kwa kamba. Marehemu mkewe, Dafroza, alikuwa anasema, "Mi niliolewa na nyundo ya watu wengine." Ulimi wa Toliye ulikuwa kama ule mlango. Alisema neno likatoka lilivyotoka, na hakurudi kulinyoosha. Bati aliipitishia ukucha. Neno hakulipitishia.

Sasa nifike kwenye ndege.

Kulikuwa na Mgiriki mwenye duka la vitambaa pale Asiatique, Bwana Yani. Alipata michoro ya ndege ndogo ya mtu mmoja, ndege ambayo mtu anajitengenezea mwenyewe nyumbani. Alinunua bati nyepesi za aluminiyamu, akazipeleka kwa Toliye. Tulicheka. Lakini miaka ile kila mtu aliamini kwamba kila kitu kinawezekana, nchi ilikuwa yetu mpya kabisa, na Toliye alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye karakana ya uwanja wa ndege wakati wa Wabeleji. Alikubali kabla Bwana Yani hajamaliza kueleza. Magari ya watu yakaanza kungoja zaidi.

Ili muelewe kosa langu lilikuwa nini, maana nilihukumiwa, lazima niwaeleze kazi yenyewe. Bati za ndege zinashonwa kwa riveti, vipande vya chuma kama misumari mifupi yenye kichwa. Upepo hautaki kichwa kinachojitokeza. Kwa hiyo kabla ya kutia riveti, kila tundu linabonyezwa pembeni zake, bati inaingia ndani kama bakuli dogo, na kichwa cha riveti kinalala mle kikiwa sawa na bati. Lile bakuli dogo Toliye aliliita fosete. Wabeleji walimfundisha hivyo. Lakini fosete, sisi wote mjini tulijua, ni vile vishimo vya mashavuni mwanamke akicheka. Na mi, Mungu ndiye aliyeniumba, ninavyo. Nilikuwa navyo, sasa vimemezwa na makunyanzi.

Kufanya fosete unahitaji vyuma viwili vidogo. Kimoja kina ncha, kingine kina shimo la kuipokea ile ncha. Mafundi wanaviita dume na jike. Bati inakaa katikati, unavibana, bati inabonyea. Mahali pa wazi Toliye alivibana kwa koleo kubwa. Lakini ndani ya mkia wa ndege, kule mwisho ambako mifupa ya chuma inakutana na kubanana, koleo haliingii. Kule lazima upitishe buloni, yaani bolti nyembamba, katikati ya dume na jike, ukaze nati kidogo kidogo mpaka bati ikubali. Na lazima uwe na mkono unaofika. Mkono wa Toliye ulikuwa kama jembe.

Wangu ulikuwa mdogo. Mtaani Buyenzi nilijulikana kwa hilo. Wanawake waliniletea vioo vya taa vilivyojaa moshi, nikaingiza mkono mzima ndani, nikavifuta, nikautoa bila kuvunja. Toliye alinijua kwa vile vioo.

Angeweza kumwambia mume wangu. Angeweza kuja kwetu na kukaa kwenye kiti. Hapana. Alikuja robine, kwenye bomba la mtaa, asubuhi, tukiwa kwenye foleni ya maji na ndoo zetu. Nitawataja waliokuwepo: Mama Feruzi, Domitila, Anastazia mke wa polisi, Kabibi wa sufuria, na Zuena aliyekuwa anaazima chumvi bila kurudisha. Toliye akasimama na koti lake, akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kelele za nyundo:

"Mama Yohana, niko na lazima na we. Kuja unisaidie na fosete ya mukia."

Maji yaliendelea kumwagika kwenye ndoo ya Domitila na hakuna aliyeyafunga.

"Unasema nini, Muze?" nikamuuliza.

"Fosete ya mukia. Dume iko, jike iko. Inakosa tu mukono yako."

Mama Feruzi aliachia beseni lake. Zuena akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Nikasema, "Toliye, mbele ya watu?"

Akashangaa. "Nimesema nini mubaya?" Akageuka, akaenda zake, na koti lake. Hakungoja hata kuona moto aliouwasha.

Nilimwambia mume wangu Paulini kila kitu siku hiyo hiyo, kabla hajapanda lori lake kwenda Gitega. Alicheka. Alisema, "Enda, Veronika. Kazi ya bati ni kazi." Msisahau kwamba aliniita Veronika. Mtaani nilikuwa Mama Yohana kwa wote. Veronika nilikuwa kwa mtu mmoja tu.

Basi nikaenda. Na nitasema ukweli, ile kazi niliipenda. Nililala ubavu kwenye gunia, nikauingiza mkono kwenye tundu la mfupa wa mkia mpaka begani. Sikuona kitu. Vidole ndivyo vilivyoona. Nilitia dume chini, jike juu, nikashika nati kwa ufunguo mdogo wa kukazia ambao Toliye aliuchonga kwa ajili ya mkono wangu. Yeye alikuwa nje, ameweka sikio juu ya bati kama daktari.

"Kaza kidogo," anasema. "Ngoja. Inalia?"

"Hailie."

"Kaza tena. Polepole, Mama Yohana, hii si kifuniko ya sufuria. Ukiikimbiza itapasuka."

"Nani anakimbiza? Ni we unapumua kwa nguvu."

"Mi sipumue. Kaza."

Nilisikia bati ikizama chini ya kidole changu, taratibu, kama unga wa mandazi unavyokubali gumba. Nikafungua nati, nikagusa: bakuli dogo, laini, halina ufa. Nikahamia tundu la pili. Nilimuuliza kwa nini mahali pagumu hivi hapakufanywa mapema, mifupa ikiwa bado imelala mezani. Akajibu bila kuinua kichwa, "Fasi hii inafanywaka mwisho. Ni kazi ya ndege, hauwezi kujua." Nikamwamini. Mi nilijua vioo vya taa.

Tulipomaliza na riveti zikaingia, akafumba macho, akapitisha ukucha kwenye mkia wote. Haukukwama. Hakusema asante. Alisema, "Pitisha wa kwako." Nikapitisha wangu. Ilikuwa kama kupitisha kidole juu ya maji yaliyotulia. Wengine waliofanya kazi naye walisema hakuwahi kumwambia mtu apitishe ukucha kwenye kazi ambayo yeye ameshairidhia. Kwa hiyo ilikuwa sifa. Mi nilitaka neno.

Paulini aliporudi kutoka Gitega, habari zilimpokea kwenye maegesho ya malori kabla yangu. Dume, jike, mkia, fosete, na mke wake amelala kwenye gunia ndani ya ukuta wa mwanamume aliyefiwa na mke. Zuena alikuwa ameongeza chumvi, ile ambayo hakurudisha. Paulini akaniuliza, nikamweleza tena. Akasema, "Ninakuamini. Lakini aje aseme yeye mwenyewe, hapa kwangu, mara moja. Kisha nitajua namna ya kuwajibu watu."

Ombi dogo. Nikaenda Asiatique.

"Muze, kuja kwetu uelezee Baba Yohana ilikuwa kazi gani."

"Mi nilisema fosete. Nilikosea neno gani?"

"Haukukosea neno. Watu walilishika vibaya. Uwaambie juu ya nini ulitafuta mukono yangu."

Aliacha kugonga. Niliona kitu kikipita usoni mwake, nikadhani ni haya. "Kazi ya atelie haitokake inje," akasema.

"Lakini mi natokaka. Minapita robine kila siku."

Akarudi kugonga bati. Sikumwelewa. Mtu ambaye hawezi kulala kama kichwa cha riveti kimejitokeza unene wa ukucha, aliweza kulala vizuri kabisa na jina langu limejitokeza mtaani kila mtu anakwaruzika nalo.

Siku ndege ilipopaa tulikwenda wote uwanjani. Bwana Yani alikuwa ndani na miwani mikubwa. Ilikimbia, ikaruka, ikageuka juu ya ziwa ikimeta, na mi moyo wangu uliruka nayo, kwa sababu mle mkiani kulikuwa na kazi yangu na upepo ulikuwa unapita juu yake bila kugundua. Ndipo Domitila akasema kwa nguvu, "Angalieni vile mukia ya Mama Yohana iko inatingizika." Walicheka mpaka wakashikana. Hata askari wa lango alicheka, Damasi, mtu ambaye hakujua chochote.

Toliye alikuwa amesimama karibu, anasikia. Alitazama juu.

Paulini alirudi nyumbani peke yake. Hakunipiga, hakunifukuza, hakuuliza tena. Lakini kuanzia siku hiyo aliniita Mama Yohana, kama mtaa. "Mama Yohana, maji." "Mama Yohana, minaenda." Watu waliniambia, una bahati, mume wako ni mpole. Upole gani. Nyumba ilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kuniita, naye akanyamaza.

Bwana Yani aliiuza ndege ng'ambo ya ziwa. Domitila alihamia Kamenge, Zuena akaolewa mbali, mengine mengi yalitokea nchini ambayo si ya karatasi hii. Kicheko cha robine kilizeeka, kikabaki kama mzaha tu: mwanamke akiwa na kazi ya siri walisema anafanya fosete. Wasichana waliolisema hawakujua lilitoka wapi. Nilikuwa ninawasikia nikiwa nyuma yao kwenye foleni, na ndoo yangu.

Paulini akaugua malaria mbaya, dawa ya kinini ikamwokoa na kumla masikio. Akaacha lori. Tukawa wazee wawili kwenye nyumba moja, na alipozungumza alipiga kelele bila kujua.

Ndipo siku moja mchana Toliye akaja. Koti lile lile, limelegea mabegani. Fimbo mkononi. Alikuwa anarudi kwao Uvira kwa binti yake, moja kwa moja, na alikuwa anazunguka kuaga watu. Nilikuwa ninafagia. Nikaweka ufagio mlangoni kama kizuizi.

"Uko na kitu ya kusema," nikamwambia, "ama unapita tu?"

Akatazama ufagio. "Baba Yohana iko?"

"Iko. Iko anakungojea toka ndege."

Nikamruhusu. Paulini alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Toliye akakaa kwenye benchi, akatoa mfukoni kitambaa, akakifungua juu ya goti. Dume na jike. Vilikuwa vimeng'aa kwa kushikwashikwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba Yohana, nilikuja juu ya ile fosete."

"Nini?" Paulini akapiga kelele.

"Fosete."

"Mukate?"

"Fosete ya mukia. Ya ndege."

"Sema kwa nguvu, Muze, kinini ilikula masikio."

Toliye akanitazama kama anaomba nimsaidie. Nikafungua dirisha vizuri. Nje Mama Feruzi, yule yule wa beseni, alikuwa anapita na mtoto wa mtoto wake mgongoni, akasimama. Watu wa nyumba ya pili wakatoka. Toliye akainuka, akashika fimbo kwa mikono miwili, akapaza sauti kama zamani kwenye nyundo:

"Nilifunga mukia mbele ya kufanya fosete. Nilisahau. Nilikaza mifupa yote, nikashona, kisha njo nikaona matundu ya ndani bado. Mukono yangu ilikatala kuingia. Ya muke wako iliingia. Alifanya kazi muzuri. Ni ile tu, akuna kingine."

Kwa hiyo ilikuwa ni hilo. Fasi hii inafanywaka mwisho, aliniambia, hauwezi kujua. Fundi mkubwa wa Asiatique alikuwa amekosea mpangilio wa kazi yake, na ili mtu asijue, aliona afadhali mtaa ujue kitu kingine juu yangu. Nilikuwa nimemwekea sababu nyingi miaka yote ile, kiburi, ujinga, haya. Sikuwahi kufikiri kitu kidogo hivyo.

Midomo ya Paulini ilikuwa inapima maneno.

"We," akasema mwishowe, "ulifunga mukia, kisha njo ukatafuta namna ya kufanya fosete?"

"Ndiyo."

"We, Toliye?"

"Mi."

Paulini akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akapiga goti. "Ata mi dreva minajua kutia mafuta mbele ya kufunga kifuniko." Dirishani watu wakacheka pia, Mama Feruzi akicheka kuliko wote, na safari hii kicheko kilikwenda mahali pake. Toliye akasimama katikati ya kicheko hicho.

Mnadhani basi wangenigeukia? Waliongea bati. Paulini akamuuliza kwa nini hakutoboa riveti azitoe afungue upya, Toliye akasema matundu yangepanuka na bati ya namna ile haikupatikana tena, Paulini akachukua dume na jike akavijaribu kwa vidole, wazee wawili vichwa vimegusana, mmoja anapiga kelele na mwingine anamjibu kwa kelele. Mi nimesimama na ufagio. Hakuna aliyesema pole, wala huyu, wala yule. Bati walijua kuinyoosha pamoja.

Kisha Paulini, bila kugeuka, macho yake kwenye vile vyuma, akasema kwa ile sauti yake ya mtaa mzima:

"Veronika, mugeni atakula nini?"

Hivyo tu. Kama mtu aliyekuwa ametoka nje kidogo, akarudi, akakuta kiti chake kilipo.

Nikaenda jikoni. Nilikaa huko muda, na mliowahi kukata kitunguu mnajua. Kulikuwa na sufuria mbili. Moja ilikuwa nzima. Ya pili mjukuu aliiangusha kwenye jiwe, ubavu wake wote umeingia ndani. Nikapakua maharage na ndizi kwenye hiyo ya pili, nikaileta, nikaiweka mbele ya Toliye, upande uliobonyea ukimtazama.

Aliiona. Mkono ukaenda kwenye mfuko wa koti, ule wenye nyundo. Akaniangalia. Nilikuwa sijaketi.

Mkono ukarudi mtupu. Akanawa, akala mpaka mwisho, kisha gumba lake la kulia, lile la ukucha, akalificha ndani ya ngumi.